Skwadi ya wanne si timu

"Nimemwekea gemu ya skwadi, si anajifunza kushirikiana?" Swali hili la wazazi huja na jibu lake tumboni, ndiyo maana linachosha. Hapana. Kwenye Free Fire, gemu ya kupigana kwa bunduki, watoto wanne wanaweza kushuka pamoja, kila mmoja akaokota bunduki yake, akafa kivyake, na gemu ikawahesabu kundi moja. Abiria wa daladala ya Mbagala nao wako pamoja, tena wanaelekea kulekule.

Ushirikiano unaanza mtoto anapohitaji kitu alicho nacho mwenzake na hana namna ya kukipata ila kwa kuuliza. Kombolela ina hilo: ukishakamatwa, unamtegemea aliyebaki mafichoni. Gemu nyingi za simu hazina. Keep Talking and Nobody Explodes, ya mwaka 2015, inalo: mmoja analiona bomu kwenye skrini, wengine wana kitabu cha kulitegua, na hakuna anayeona cha mwenzake. Kitabu kinapakuliwa bure na nakala moja ya gemu inatosha kundi zima. Mmoja akiwa Kigamboni na wenzake Tabata, simu ya sauti tu inafanya kazi. Anayesoma kwa kusitasita asome na mwenzake, maana saa ya bomu haimsubiri mtu.

Minecraft, gemu ya kujenga kwa vitalu, ndiyo watu wazima wanaiharibu zaidi. Wanafungua Creative, ambako kila mtoto ana vitalu visivyoisha, halafu wanashangaa mbona kila mtu kajenga ghorofa lake. Amuombe nani, na cha nini? Weka Survival, ambako vitalu ni vya kutafuta, ugumu uwe Peaceful ili mazimwi yasiwapotezee muda. Watoto wanne: mmoja ana mchoro, wawili mafundi, mmoja mtunza ghala. Mchoro uwe wa karatasi: nyumba ya vitalu 7 kwa 9, ukuta wa vitalu 4 kwenda juu, mlango mmoja, madirisha mawili. Mwenye mchoro mpe ruhusa ya Visitor, ili hata akipandwa na hasira asiweze kuweka wala kuvunja kitalu. Sanduku la vifaa analifungua mtunza ghala peke yake. Wengine wazimie ruhusa ya kufungua masanduku, au lisimamie mwenyewe. Dakika 25 zinatosha. Dunia ifunguliwe kwenye simu yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu mwenyeji akitoka wote wanatolewa. Wasiowajua wasiingie, kwa hilo hakuna mjadala.

Sasa maneno mawili yanayoniumiza kichwa: "hapo" na "sawa".

Uani, "weka hapo" inaeleweka kwa sababu kuna kidole. Mtandaoni kidole hakuna. Mtoto anapaza sauti, "Hapo! Si hapo, pale!", fundi anazunguka kama kuku, na baada ya dakika mbili wanatukanana. Mzazi anasema wanagombana kwa utundu. Hawagombani kwa utundu, wanakosa maneno. Kwa hiyo "hapo", "pale", "huku" na "hiyo" napiga marufuku. Kinachobaki ni "kitalu cha tatu kutoka mlangoni, safu ya pili kutoka chini". Kushoto na kulia navyo vina mtego, kushoto kwa nani? Kubalianeni mapema kwamba kila kitu kinahesabiwa kwa mtu aliyesimama nje akiutazama mlango.

"Sawa" ni mbaya zaidi. Inaweza kuwa nimesikia, nimeelewa, nakubali, au niache nicheze. Mdogo akiamriwa na mkubwa atasema "sawa kaka" hata kama hajaambulia kitu, kwani ndivyo alivyolelewa: mkubwa habishiwi. Adabu hiyo siivunji. Ninachofanya ni kumtaka anayepokea agizo alirudie kwa maneno yake kabla hajagusa kitalu: "Unataka dirisha, vitalu viwili, juu ya safu ya kwanza?" Aliyeagiza ndiye anayesema ndiyo au hapana. Hapo kosa linakuwa la maelezo, si la mdogo. Mara ya kwanza wataona inachelewesha, na ni kweli inachelewesha.

Mwenye mdomo mkubwa mpe ghala. Mkimya mpe mchoro, maana asiposema, nyumba haijengwi. Baada ya dakika 10 badilisheni.

Vifaa kwa haraka: simu mbili chumba kimoja zikiwasha maiki zote mnapata mwangwi, iwashwe moja. Bando likiisha au mtandao ukilegea sauti hukatika, na watoto hudhani mwenzao kanuna. Wafundishe kuuliza "unanisikia?" kabla ya kulaumu.

Mkimaliza, dakika 3, swali moja tu: agizo gani lilieleweka vibaya, na lilisemwaje? Ukiuliza "mmejifunza nini?" watakujibu "ushirikiano", wakijua ndilo jibu unalolitaka.

Ninachosita kuahidi ni kwamba haya yatahama. Mtoto anayetoa maelekezo safi kwenye Minecraft bado anaweza kumnyima mdogo wake rimoti jioni ileile. Pia siwezi kutenganisha kinachosaidia, gemu yenyewe au zile dakika 3 za mazungumzo. Pengine kupanga matofali ya kweli uani kungefika kulekule. Ila kama simu tayari iko mkononi mwake, chora ile nyumba ya 7 kwa 9, na mchoro usiupige picha ukautuma kwenye grupu la WhatsApp, mafundi watauona.