Presha ya Mimba Haimaliziki na Arubaini: Maswali na Majibu

Swali: Presha ya mimba ni nini?
Ni shinikizo la damu linalofika 140/90 au zaidi kwa mja mzito baada ya wiki ya 20, ilhali kabla ya hapo lilikuwa la kawaida. Likiambatana na protini katika mkojo, hizo ni dalili za awali za kifafa cha mimba.

Swali: Inahusiana vipi na maradhi ya moyo?
Wengi wakiulizwa kinacholeta maradhi ya moyo hutaja sigara, mafuta na unene, na hawakukosea, lakini ujauzito hautajwi. Hata hivyo, mwanamke aliyepata kifafa cha mimba au dalili zake za awali ana hatari takriban mara mbili ya kupata baadaye maradhi ya mishipa ya moyo au kiharusi, na takriban mara nne ya moyo kushindwa kufanya kazi, akilinganishwa na asiyepata. Kisukari cha mimba nacho huongeza hatari hiyo.

Swali: Nimeshajifungua na presha imeshuka. Si yamekwisha?
Hayajakwisha. Hili tunalisikia kila mara katika vituo vya afya vya Pemba, kuanzia Micheweni hadi Mkoani: mama hukaa ndani arubaini, hukandwa na kufukizwa, kisha hutoka akiamini kwamba presha ilikuwa ya mimba na imeondoka na mimba, na kadi ya kliniki yenye vipimo vyake vyote hutupwa. Presha kushuka ni jambo la kushukuru, lakini hatari kwa moyo na mishipa inabaki kwa miaka mingi. Hayajakwisha, na tunaomba wakwe na mashangazi wanaomlea mzazi walielewe hilo pia, kwa sababu kifafa chenyewe kinaweza kumpata ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua, yaani ndani ya arubaini hiyo hiyo. Mzazi anayelalamika kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, au maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane. Asingojewe mume arudi kutoka dago, yaani kambi ya wavuvi.

Swali: Akianguka na kukakamaa, si shetani?
Kwa heshima zote kwa wazee wetu, hapana. Mja mzito au mzazi anayekakamaa na kupoteza fahamu achukuliwe kuwa ana kifafa cha mimba mpaka daktari aseme vyengine, na hospitali ipo sindano ya kukizuia. Muda unaopotea kwa kumtafuta mganga unaweza kumuua mama na mtoto. Alazwe ubavu, asitiwe kitu chochote mdomoni, na gari itafutwe. Dua isomwe njiani.

Swali: Baada ya arubaini afanye nini?
Mtoto hupelekwa chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mama aliyekuwa na presha naye aombe kupimwa siku hizo hizo, kisha angalau mara moja kila mwaka maisha yake yote, hata kama hajisikii vibaya, kwani presha aghalabu haina dalili. Apimwe na sukari. Akitaka uzazi wa mpango amweleze mhudumu historia yake, kwa kuwa vidonge vyenye estrojeni (homoni ya kike) vinaweza kupandisha presha. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ikihesabiwa pamoja na ile ya ng'onda na achari. Aliyeandikiwa vidonge vya presha asiviache eti kwa sababu amejiona mzima. Vidonge ndivyo vilivyoishusha.

Swali: Mzazi amevimba miguu na hawezi kulala bila ya mito mitatu. Ni uchovu wa kulea?
Msikubali jibu hilo. Yapo maradhi ya misuli ya moyo yanayowapata baadhi ya wanawake kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi 5 baada ya kujifungua, na aliyekuwa na presha ya mimba yumo hatarini zaidi. Apelekwe hospitali leo, na daktari aambiwe mapema kwamba mimba yake ilikuwa na presha.