Shule ya kimataifa ya bweni: yanayosemwa na yaliyomo

Nimelea watoto bwenini kwa miaka kadhaa, katika shule ambayo chumba kimoja huweza kulaza Mtanzania, Mholanzi, Mkongo na Mnorwe. Kila likizo nikirudi nyumbani nakutana na maneno yaleyale, na siwezi kuyaacha yapite.

La kwanza ndilo linaloniuma: eti shule hizi ni za Wazungu, sisi tumekaribishwa tu. Asemaye hivyo hajasikia habari za Waterford. Mwaka 1963, Afrika Kusini ikiwa imeshawatenga watoto weusi kwa sheria ya elimu ya mwaka 1953, mwalimu Mwingereza Michael Stern alivuka mpaka akafungua shule mlimani karibu na Mbabane, katika Swaziland ya wakati ule, kwa wavulana 16 wa rangi mbalimbali. Mwaka 1967 Mfalme Sobhuza wa Pili akaipa jina Kamhlaba, neno lililobeba ardhi na dunia kwa pamoja: sote ni wa udongo mmoja. Zenani na Zindzi, mabinti wa Nelson Mandela, walisoma hapo baba yao akiwa kifungoni Robben Island. Shule ile ilijengwa makusudi kuukataa ubaguzi, na kwa mtoto aliyenyimwa darasa kwao ilikuwa kimbilio.

Kuhusu ada sitabisha sana. Ni kubwa, na familia nyingi haziziwezi. Lakini si kila aliyemo analipiwa na mzazi. Shule za UWC (United World Colleges), mtandao wa shule za kimataifa ambao Waterford ilijiunga nao mwaka 1981 na shule ya kimataifa ya Moshi mwaka 2019, hupokea wanafunzi wengi kupitia kamati za kila nchi. Mtoto huomba, husailiwa, na ufadhili hupangwa kwa kutazama uwezo wa familia. Mzazi aliyeamini kwamba pale si pa kwao haulizi hata fomu, na mwanawe ndiye anayekosa.

Wapo wanaoniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, hatarudi amesahau Kiswahili?" Katika diploma ya IB (International Baccalaureate), mtaala wa kimataifa wa kumalizia sekondari, mwanafunzi husoma masomo sita, na mojawapo linaweza kuwa fasihi ya lugha yake mwenyewe, Kiswahili kikiwemo. Watoto niliowaona wakipoteza lugha walianza kuipoteza sebuleni kwao, wakisemeshwa kwa Kiswahili na kuachwa wajibu kwa Kiingereza.

Na kazi za kujitolea, ambazo ni sehemu ya diploma hiyo, si za kupiga picha tu kama wengine wanavyodai. Asiyekamilisha sehemu hiyo hapati diploma, hata afaulu mitihani yote.

Kisha hili la nidhamu: hakuna viboko, basi watoto wanajifanyia watakavyo. Kijana mmoja alifika kwetu akiwa hajawahi kupiga deki maishani. Zamu yake ilipofika akajilaza kitandani, viatu mguuni. Nilikuwa mlangoni, nikanyamaza. Wenzake watatu wakasafisha chumba kizima, wakaacha kipande kikavu, chenye vumbi, kuzunguka kitanda chake tu. Usiku wakaitana kikao, kila mmoja ameketi kitandani pake, kwa utaratibu tuliowafundisha: mmoja anasema, wengine wanasikiliza hadi amalize. Mkongo akasema alichoka kufanya kazi ya watu wawili. Kijana akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema ukweli wake: hakujua hata tambara linakamuliwaje, na aliona aibu kuuliza mbele ya watu.

Mkongo akatoka, akarudi na ndoo. Ilikuwa karibu saa nne, muda wa kuzima taa, nami nikaziacha zikiwaka. Akalizamisha tambara, akalikunja mara mbili, akalisokota mbele yake, kisha akamkabidhi. Kijana akavua viatu, akapiga magoti, akaanza na kile kipande kilichozunguka kitanda chake.