Ushuru wa bando hauondoi msongamano mtandaoni

Malalamiko nchini Kenya kuhusu intaneti inayosuasua jioni yamezidi, na mengi yanaishia kwa swali lile lile: tunakatwa ushuru kila tukinunua bando, mbona minara haijengwi? Swali ni la haki. Ila linachanganya fedha mbili ambazo hazikutani kamwe.

Ukinunua bando la shilingi 100, huduma yenyewe ni kama shilingi 75. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 huchukua takriban shilingi 11, kisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 hupigwa juu ya jumla ya hizo mbili, nayo ni karibu shilingi 14. Kampuni ya simu hukusanya tu. Hesabu za mwezi na malipo yake lazima zifike kwa Mamlaka ya Ushuru (KRA) kabla ya tarehe 20 kupita katika mwezi unaofuata. Ikichelewa kulipa inatozwa faini ya asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi deni linapobaki. Kwa hivyo tuache kurudia kwamba kampuni "zinakalia" ushuru wetu. Fedha hizo huingia katika mfuko mkuu wa serikali, kwa mujibu wa kifungu cha 206 cha Katiba, na Bunge ndilo linaloidhinisha matumizi yake. Hakuna shilingi iliyotengewa mnara wa kijijini kwenu.

Fedha za minara ni nyingine. Hazina ya Huduma kwa Wote, iliyoanzishwa na marekebisho ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 2009, hupata asilimia 0.5 ya mapato ghafi ya mwaka ya kampuni za mawasiliano zenye leseni. Ndiyo iliyolipia mawasiliano katika kata ndogo zisizokuwa na mtandao kabisa, ambako kampuni hazikuona faida ya kwenda, na kuunganisha intaneti katika mamia ya shule za sekondari. Hiyo ndiyo ya kufuatiliwa kwa makini, na ni haki ya mwananchi kuuliza imefika wapi.

Sasa, je, ushuru unaweza kupunguza msongamano? Unaweza, kama ungetofautisha saa na mahali. Mnara mmoja hugawa uwezo wake kwa simu zote zilizo chini yake. Saa mbili usiku, watu wakiwa nyumbani na video zimefunguliwa, kila mmoja hupata kidogo. Saa tisa usiku uwezo ule ule umelala. Asilimia 15 ni ile ile saa zote mbili. Bando za usiku za bei nafuu husogeza matumizi kuliko ushuru wowote tulio nao.

Uganda ilijaribu njia nyingine. Kuanzia Julai 2018 mtumiaji wa WhatsApp au Facebook alilipa shilingi 200 za Uganda kwa siku, atume ujumbe mmoja au atazame video kutwa. Wengi walikimbilia VPN, programu zinazoficha unachotumia mtandaoni, ili kuikwepa. Mwaka 2021 tozo hiyo ilifutwa, ukaja ushuru wa asilimia 12 kwenye data.

Viwango ni kazi ya Wizara ya Fedha na Bunge, na hapa hatupendekezi kiwango. Lakini kwetu Kenya ushuru wa bidhaa kwenye bando ulipanda kutoka asilimia 15 hadi 20 mwaka 2021, ukarudi 15 mwaka 2023, na hakuna sheria kati ya zilizobadilisha viwango hivyo iliyoelekeza nyongeza hiyo kwenye minara. Tena si kila usumbufu ni msongamano: Mei 12, 2024 mtandao ulizorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki kwa sababu nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika.

Ukiwa na lalamiko, lipeleke kwanza kwa mtoa huduma na udai nambari ya kumbukumbu. Taja tarehe, saa, mahali na kasi uliyopima. "Mtandao ni mbaya" haitoshi kumkabili mtoa huduma. Usiporidhika, ndipo uliwasilishe kwa Mamlaka ya Mawasiliano pamoja na nambari hiyo.