Mgogoro wa vifo baada ya ukomunisti: kwa nini waliopukutika zaidi walikuwa wanaume

Mwaka 1990, mtoto wa kiume aliyezaliwa Urusi alihesabiwa kuishi karibu miaka 64. Mwaka 1994 hesabu hiyohiyo ilimpa miaka isiyofika 58. Miaka sita ya maisha ilipotea ndani ya miaka minne, tena bila njaa wala tauni. Vita ya Chechnya yenyewe ilianza Desemba 1994, wakati watu walikuwa wameshakufa kwa wingi. Wanawake nao walishuka, ila kutoka 74 hivi hadi 71. Pengo kati ya jinsia mbili likapita miaka 13, pana kuliko karibu popote duniani. Hali hii ndiyo wataalamu wa idadi ya watu wanayoiita mgogoro wa vifo wa baada ya ukomunisti.

Hesabu yenyewe husomwa vibaya mara nyingi. Umri wa kuishi si umri ambao watu wote wanafia. Unachukua vifo vya mwaka mmoja, kila rika kwa sehemu yake, kisha unauliza: mtoto anayezaliwa leo, akipita maisha yake yote katika hali hii, kwa wastani atafika wapi? Katika nchi nyingi maskini wastani huo huvutwa chini na vifo vya wachanga. Urusi haikuwa hivyo. Vifo vya wachanga vilipanda kidogo tu, kisha vikarudi chini. Waliokufa kupita kiasi walikuwa watu wazima wenye nguvu zao, wanaume wa miaka 30, 40 na 50, hasa wenye elimu ndogo na wasio na ndoa. Wazee na watoto, ambao kwa kawaida shida huwaanza wao, walisalimika kuliko baba zao na wana wao.

Vyeti vya vifo viliandika moyo, ajali, sumu, kujiua, kuuawa. Nyuma ya mengi ya hayo ilikuwako chupa. Ushahidi ulianza kuonekana kabla ya dola ya Kisovieti kuvunjika. Mei 1985 Mikhail Gorbachev, Katibu Mkuu wa chama cha kikomunisti na kiongozi wa dola hiyo, alianzisha kampeni ya kupiga vita ulevi: mashamba ya mizabibu yaling'olewa, foleni za vodka zikarefuka, sukari ikatoweka madukani kwa sababu watu walikuwa wanapika samogon, gongo yao ya nyumbani. Wananchi walimchukia na kumbandika jina la Katibu wa Maji ya Chupa. Lakini vifo vya wanaume vilipungua haraka. Kampeni ilipolegea mwishoni mwa muongo huo, vikaanza kurudi.

Kisha yakaja mageuzi ya kuhamia uchumi wa soko. Tarehe 2 Januari 1992 serikali, ikifuata mpango wa Yegor Gaidar, aliyesimamia mageuzi hayo, iliachia bei za bidhaa nyingi, na akiba ya benki ya mtu aliyefanya kazi miaka thelathini ikawa haina thamani. Mwaka huohuo ukiritimba wa serikali juu ya vodka ulifutwa. Kati ya mwisho wa 1990 na mwisho wa 1994 bei ya vyakula ilipanda zaidi ya mara 2,000. Ya vileo ilipanda mara 650 hivi. Maana yake ni kwamba vodka, ukiipima kwa bei ya chakula, ilikuwa rahisi mara tatu kuliko zamani. Na asiyemudu hiyo alikuwa na njia nyingine. Utafiti uliofanywa miaka ya 2000 mjini Izhevsk, mji wa viwanda karibu na milima ya Ural, ulikuta wanaume wanakunywa marashi ya kunyolea, dawa za maji za famasi na vimiminika vya kusafishia, vyenye ukali wa asilimia 60 hadi 95. Huko Barnaul, Siberia, uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa baadhi ya walioandikwa kufa kwa maradhi ya moyo walikuwa na pombe ya kutosha damuni kuwaua bila msaada wa moyo.

Lakini pombe ni jibu la nusu tu, kwa sababu vodka iliuzwa kwa jinsia zote. Linalohitaji kuelezwa ni kwa nini upande mmoja ulikunywa hadi kufa.

Kiwanda cha Kisovieti hakikuwa mahali pa kazi tu. Kilitoa nyumba, zahanati, shule ya chekechea, kantini, likizo ya pwani na picha ya mfanyakazi bora ukutani. Mwanamume alikuwa mtu kwa sababu alikuwa wa kiwanda fulani. Mishahara ilipoanza kuchelewa kwa miezi, au kulipwa kwa bidhaa, hadhi hiyo ilikwenda nayo. Mjini Gus-Khrustalny, mashuhuri kwa vioo, wafanyakazi walilipwa glasi na mabakuli ya kristali, wakawa wanayauza barabarani na kwa abiria wa treni zilizosimama stesheni. Fundi aliyezoea kupigiwa makofi Mei Mosi anakimbia kando ya behewa na bakuli mkononi. Wengine waliweza. Wengine walikaa nyumbani wakaingia kwenye zapoi, ulevi wa siku kadhaa mfululizo usio na kuamka.

Wanawake walipoteza kazi pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndio waliokuwa wengi kati ya walioandikishwa kutokuwa na ajira. Tofauti ni kwamba mfumo wa zamani haukuwahi kuwapa kazi moja. Uliwapeleka kiwandani mchana na ukawarudisha jikoni jioni, foleni za mkate zikiwa katikati. Kiwanda kilipofungwa, zamu ya pili ilibaki palepale, na watoto walikuwa wanataka kula. Basi walimu, wauguzi na wahandisi wakageuka wachuuzi wa kuvuka mipaka: wanapanda basi kwenda Uturuki, Poland au China, wanarudi na yale mabegi ya plastiki yenye miraba ambayo Tanzania tunayaita shangazi kaja, yamejaa makoti na sidiria. Wengi wa wachuuzi hao walikuwa wanawake.

Nisieleweke kwamba wao walinusurika. Tafiti za Urusi zimerudia kuonyesha jambo linaloshangaza: wanawake wanaishi muda mrefu zaidi, na wao ndio wanaosema afya zao ni mbaya zaidi. Takwimu za vifo hazioni maumivu ya mgongo, wala kipigo kisichoua. Mwaka 2017 bunge la Urusi liliondoa katika jinai kosa la kwanza la kumpiga mwanafamilia bila kumwachia jeraha kubwa, likabaki la faini au siku chache za mahabusu. Ukipima mgogoro kwa makaburi peke yake, unauona upande mmoja.

Je, yote haya ni gharama ya kuacha ukomunisti? Hapa watu hubishana, na mimi naona wanaotaka jibu moja wanakosea. Mwaka 2009 watafiti kadhaa waliandika kwamba ubinafsishaji wa haraka uliongeza vifo vya wanaume. Wengine wakapinga hesabu zao. Wakati Urusi inazika, Czech na Poland zilitetereka kidogo tu, kisha umri wa kuishi ukaanza kupanda, wa wanaume ukiwemo.

Romania ndiyo inayovuruga kabisa hadithi iliyonyooka. Mwaka 1966 Nicolae Ceaușescu, mtawala wake wa kikomunisti, alipiga marufuku utoaji mimba karibu kabisa kwa Amri ya 770, akitaka watu waongezeke. Miaka ya 1980 wafanyakazi wa kike walipimwa mimba kazini. Wanawake walienda kutoa mimba kwa siri, wakafa. Utawala ulipoanguka Desemba 1989, amri ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kufutwa, na mwaka uliofuata vifo vinavyotokana na uzazi vilipungua karibu nusu. Poland ikaenda kinyume: mwaka 1993 ilibana sheria iliyokuwa imeruhusu utoaji mimba tangu 1956. Kuanguka kwa mfumo uleule kulimpa mwanamke wa Bucharest uhai, na kumnyang'anya wa Warsaw uamuzi.

Urusi yenyewe ilianza kupanda baada ya 2005. Serikali ilibana utengenezaji wa pombe kali, bei zikapanda, mauzo ya usiku yakazuiwa, na sheria ya 2011 ikaitambua bia rasmi kuwa kileo. Kufikia 2019 wanaume walikuwa wamefika miaka 68 na wanawake 78, pengo likiwa miaka kumi.

Juu ya maendeleo hayo serikali ilijenga hoja ya kupandisha umri wa pensheni mwaka 2018: wanaume kutoka 60 hadi 65, wanawake kutoka 55 hadi 60. Wanaume waliandamana wakisema watakufa kabla ya kuipokea. Kwa wanawake hesabu ilikuwa nyingine. Kwa miaka mingi bibi aliyestaafu akiwa na miaka 55 ndiye aliyelea mjukuu ili binti yake arudi kazini, na sheria iliyombakiza bibi kazini miaka mitano zaidi haikusema nani atashika zamu hiyo.