Kebo ya getini nayo ni mlango

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Hebu niangalizie hii kamera ya getini. Mchana iko vizuri, magharibi ikiingia inazimika."

Jirani yangu hapa Rau, Moshi, alikuwa ameshaita mafundi wawili na kubadilisha kamera mara mbili. Nilipanda ngazi, nikakata kipande cha kebo, nikakwangua uzi mmoja kwa wembe. Juu una rangi ya shaba, ndani mweupe kama sufuria. Alumini iliyopakwa shaba. Kamera ile inapata umeme kwenye kebo hiyohiyo ya data, na giza likiingia inawasha taa zake za infraredi, kwa hiyo inahitaji umeme zaidi. Ukinzani wa waya wa aina hiyo ni karibu mara moja na nusu ya ule wa shaba. Kwa mita 60 kutoka sebuleni hadi getini, volti inapungua njiani mpaka kamera inashindwa. Mafundi walikuja mchana, wakaikuta nzima.

Ukienda kununua kebo, nenda na wembe mfukoni. Muuzaji akikukataza kukwangua, nenda duka la pili.

Nilivuta kebo mpya, lakini nikiwa juu ya ngazi kuna jambo lilinisumbua kuliko ile alumini. Mwisho wa kebo uko nje ya ukuta. Mtu mwenye ngazi na laptopu anaweza kuchomoa kamera, akachomeka kebo kwenye mashine yake, akawa ndani ya mtandao uleule ambao mama anafanyia mambo ya benki na mjukuu wake anahifadhi kazi za chuo. Geti lina kufuli na mbwa yupo, lakini kebo imeshamfungulia. Nilirudi kwangu nikakuta nami nimefunga hivyohivyo. Wakati mitandao ndiyo kazi yangu ya kila siku! Usiku huo nilianza kuujenga upya mtandao wa nyumbani.

Hata bila mtu wa ngazi, kamera yenyewe ni ya kuangaliwa. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu majina na nywila za kiwandani zipatazo 60 tu, na hizo zilitosha kuteka kamera, rekoda (vifaa vinavyohifadhi video za kamera) na ruta nyingi sana. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo viliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na watu wengi wakashindwa kufungua Twitter na Netflix. Wapo wanaosema hapa kwetu tuko salama kwa sababu watoa huduma wengi wanaweka wateja nyuma ya anwani moja ya pamoja, kwa hiyo mtu wa nje hawezi kukugongea. Kugonga hawezi, ni kweli. Lakini kamera nyingi zinatoka zenyewe kwenda kwenye seva ya mtengenezaji, na njia iliyofunguliwa hivyo kutoka ndani inapitisha majibu.

Nyumbani kwetu mgeni anajulikana anaishia wapi. Wa barazani hafiki chumbani, na wala haoni kwamba amedharauliwa. Ndivyo nilivyogawa mtandao. Ruta ni kompyuta ndogo ya mtumba iliyotoka ofisini, nimeiongezea kadi ya pili ya mtandao na kuiwekea OPNsense, programu ya bure inayoigeuza kompyuta kuwa ruta na faiwoli, yaani mlinzi wa mtandao. Swichi, kile kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao, lazima iwe ya kusetiwa, inayojua 802.1Q, kanuni ya kugawa mtandao mmoja kuwa mitandao kadhaa (VLAN): inabandika namba kwenye kila fremu, yaani kifurushi cha data, na fremu yenye namba 20 haitoki kwenye tundu la namba 10. VLAN 10 ni ya familia, 20 ya kamera na rekoda, 30 ya wageni.

Anwani nimechagua za 10.47, wala si 192.168.1 ambayo karibu kila ruta inakuja nayo. Nikilala hotelini Arusha na kuunganisha nyumbani kwa WireGuard, programu ya VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wako ukiwa mbali), mtandao wa hoteli na wangu vikiwa na anwani zinazofanana, laptopu inachanganyikiwa iende wapi. (VPN nayo ina utaratibu wake: TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo Oktoba 2023 la kuwataka watumiaji watoe taarifa.)

Kwenye faiwoli sheria zinasomwa kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayolingana ndiyo inayoshika. Simu ya familia inaruhusiwa kuiita rekoda, na jibu linarudi kwa sababu faiwoli inakumbuka nani alianza mazungumzo. Kamera hairuhusiwi kuanza mazungumzo na VLAN 10 wala na intaneti. Saa inaisoma kwenye ruta. Kosa ninalolikuta kwa wengi ni kumzuia mgeni asifike 10.47.10, upande wa familia, huku wakisahau kwamba ruta ina anwani hata upande wake, 10.47.30.1, na ukurasa wa kuingilia unafunguka hapo. Mwachie DNS (ya kutafuta anwani za tovuti) na DHCP (ya kumpa anwani yake), mengine yote ya ruta mfungie.

WPS, ile njia ya mkato ya kuunganisha kifaa na Wi-Fi, nimeizima. Tangu 2011 inajulikana kwamba PIN yake ya tarakimu nane inakaguliwa kwa vipande viwili, kwa hiyo majaribio 11,000 yanatosha kuimaliza.

Jumamosi jioni nilipanda ngazi yangu mwenyewe na laptopu, nikachomoa kamera, nikachomeka. Hapa uwe mwangalifu. Swichi ya 802.3af, kiwango cha kupitisha umeme kwenye kebo ya data, inakiuliza kifaa kwanza kabla ya kutoa umeme, lakini zile adapta rahisi zinazosukuma volti 24 bila kuuliza zinaweza kuunguza laptopu. Nilipewa anwani ya 10.47.20. Nikaita kompyuta ya ndani, kimya. Ukurasa wa ruta, kimya. Nikaita rekoda, ikafunguka mara moja na kuniomba nywila.

Faiwoli haikukosea. Mashine mbili zilizo kwenye VLAN moja zinaongea kupitia swichi, ruta haizisikii kabisa. Nilishuka, nikaihamishia rekoda VLAN 40, nikaandika sheria moja: rekoda iziite kamera kwa bandari 554 (mlango wa kupitishia video), kamera zisimwite mtu. Halafu kwenye swichi nikazitenga kamera zisionane zenyewe kwa zenyewe. Nikapanda tena, giza limeshaingia, tochi mdomoni. Safari hii ukurasa wa rekoda ulizunguka, ukazunguka, haukufunguka.

Jumapili baada ya ibada nilibeba ngazi na swichi nyingine, nikaenda kwa mama.