Je, wajua kwa nini beringi ndogo inaweza kukugharimu kama klachi nzima?

Gari la gia za mkono likiishiwa na klachi, mwenyewe huuliza bei ya sahani. Fundi akitaja seti nzima, mabishano yanaanza: "Fundi, iliyokwisha ni sahani, hayo mengine ya nini?" Ukikaa gereji za Malindi kwa muda utayasikia maneno haya kutoka kwa dereva wa Probox, wa Hiace ya abiria na wa pikapu ya kubeba makuti. Mwenye gari ana haki ya kushuku, kwa kuwa si kila kipuri anachotajiwa huwa anakihitaji. Lakini kwenye klachi, fundi anayeng'ang'ania seti mara nyingi ndiye anayekulindia mfuko wako.

Sababu ni mahali klachi ilipo. Imebanwa baina ya injini na gia boksi, wala hakuna upenyo wa kuifikia kwa mkono. Lazima gia boksi ishushwe: shafti zitolewe, waya na mabomba yafunguliwe, mauntini zilegezwe, boliti zizungushwe moja moja, kisha chuma kizito kiteremshwe bila kuvunja kitu. Kazi hiyo haipungui hata ukibadilisha beringi moja tu inayoenea kiganjani. Basi ukiweka sahani mpya ukaacha beringi ya zamani, nayo ikaanza kulia miezi michache baadaye, gia boksi itashuka tena na ufundi utalipwa upya wote. Beringi yenyewe inaweza kuwa ndiyo kitu rahisi kuliko vyote katika seti. Kinachouma ni njia ya kuifikia.

Kwa hiyo mwenye pesa kidogo ana lengo moja: gia boksi ishuke mara moja tu. Kila uamuzi wa kununua upimwe kwa hilo.

Ili kujua wapi pa kubana na wapi pa kutoa, tazama klachi inavyoshika. Nyuma ya krankishafti, yaani shafti kuu ya injini, kuna flaiwili, gurudumu zito la chuma linalozunguka na injini. Upande wake wa gia boksi hukaa sahani ya klachi, ambayo pande zake zote mbili zimefunikwa kwa tabaka la msuguano, lile mafundi wanaloliita lainingi. Katikati ya sahani kuna tundu la meno linaloingia kwenye shafti ya gia boksi. Kisha huja presha pleti, iliyofungwa kwa boliti kwenye flaiwili, na springi yake pana yenye vidole huikandamiza sahani isiteleze. Ukikanyaga pedali, beringi ya klachi husukuma vile vidole, mkandamizo unaachia, na injini inazunguka peke yake.

Nguvu ya kuzungusha ambayo klachi inaweza kuihimili, inayopimwa kwa nyutoni-mita, hupatikana kwa kuzidisha vitu vinne: nyuso mbili za sahani, kipimo cha msuguano, mkandamizo wa springi, na umbali wa lainingi kutoka kwenye mhimili. Tuchukue tarakimu za mfano. Mkandamizo ni nyutoni 4,000, msuguano ni 0.3, na umbali wa wastani ni milimita 85. Ukizidisha vyote na zile nyuso mbili unapata nyutoni-mita 204. Injini ya petroli ya lita 1.5 kama ya Probox hutoa nyutoni-mita 140 hivi, kwa hiyo kuna akiba ya kutosha na sahani haitelezi.

Sasa weka sahani mpya kabisa, lakini uache presha pleti ambayo springi yake imechoshwa na joto hadi mkandamizo umeshuka kuwa 2,600. Jibu linakuwa 133, chini ya zile 140 za injini. Gari lina sahani mpya, na bado klachi inateleza ukipakia mizigo na kukanyaga mafuta hadi mwisho. Au acha springi iwe nzima lakini sili ya nyuma ya injini, ule mpira wa kuzuia oili kwenye krankishafti, inavuja ikalowesha lainingi, msuguano ukaanguka hadi 0.1. Unabaki na 68, chini ya nusu ya nguvu ya injini. Hapo utamlaumu muuza spea ilhali kosa limo kwenye kipande cha mpira ambacho hakikubadilishwa.

Ndiyo maana sahani, presha pleti na beringi hununuliwa pamoja. Na gia boksi ikiwa chini, sili ya nyuma ya krankishafti na sili ya mbele ya gia boksi zitazamwe kwa tochi. Kama kuna dalili yoyote ya unyevu wa oili, zibadilishwe siku hiyo hiyo. Hapa si pahali pa kubana pesa hata kidogo.

Pahali pa kubana ni kabla ya gia boksi kushushwa, kwa kuhakikisha kwamba klachi kweli imekwisha. Klachi inayoteleza hujulikana: injini inapandisha sauti na gari haliongezi mwendo, halafu harufu ya kuungua inaingia ndani. Barabara ikiwa wazi, tia gia ya nne ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kisha ukanyage mafuta kwa nguvu. Mshale wa mizunguko ukiruka na gari likabaki nyuma, sahani imekwisha, ina oili, au springi imechoka. Lakini kama shida ni gia kukataa kuingia, au rivasi kukwaruza, au pedali kuzama hadi chini, mara nyingi sahani haina hatia. Kwenye klachi inayosukumwa kwa mafuta badala ya waya, tazama kwanza silinda ya juu, iliyo karibu na pedali, na ya chini, iliyo kwenye gia boksi. Mpira ndani yake ukichakaa mafuta huvuja, na ukarabati wake ni wa bei ndogo sana ukilinganisha na seti. Mafuta ya breki, ambayo ndiyo yanayotumika kwenye klachi za namna hii, hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani yetu ina unyevu mwaka mzima. Maji yakishaingia, silinda hula kutu kwa ndani na mpira mpya hautadumu. Kuyabadilisha kila baada ya miaka 2 ni matumizi madogo ambayo wenye magari wengi huyasahau.

Kwa magari yenye waya wa klachi, angalia kwanza mchezo wa pedali, yaani ile nafasi ndogo ya juu ambapo pedali hushuka bila kugusa kitu. Waya ukikazwa kupita kiasi, beringi hubaki inasukuma vidole wakati wote, na klachi nzuri kabisa huteleza kama iliyokufa. Sauti nayo husema mengi. Mlio unaotokea ukikanyaga pedali ni wa beringi ya klachi. Mlio unaokuwepo gari likiwa huru na kunyamaza ukikanyaga kwa kawaida hutoka ndani ya gia boksi, na seti mpya ya klachi haitauponya.

Ukishajiridhisha, nenda dukani. Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi ni kwamba kampuni za magari, kwa sehemu kubwa, hazitengenezi klachi zenyewe. Toyota huchukua nyingi kutoka Aisin, kampuni ya kundi lake. Exedy ya Osaka, iliyokuwa ikiitwa Daikin hadi 1995, hutengenezea viwanda vya magari vya Japani. Valeo ya Ufaransa, na Sachs na LuK za Ujerumani, hufanya hivyo kwa magari ya Ulaya. Kampuni hizi huuza pia klachi katika maboksi yao wenyewe, na boksi hilo huwa nafuu kuliko lenye nembo ya kampuni ya gari. Kwangu mimi, hili ndilo chaguo la mwenye bajeti ndogo: mtengenezaji anayejulikana, seti kamili, bila kulipia nembo ya gari.

Seti zisizo na jina, zile za bei ya kushangaza, siwezi kuzipendekeza kwa gari linalotafuta riziki. Hasara yake huja pale pale tulipoanzia: watengenezaji wake hupunguza gharama kwenye beringi na kwenye springi ndogo za katikati ya sahani, navyo ndivyo vinavyorudisha gari gereji. Kibaya zaidi ni zile ghushi zinazovaa boksi la jina kubwa. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa ghushi tangu 2008 na mamlaka ya kuisimamia, lakini macho yako ndiyo yanayofika kaunta kwanza. Linganisha namba iliyo kwenye boksi na iliyogongwa kwenye sahani na presha pleti. Tazama ribiti, vile vipini vya chuma vinavyoshikilia lainingi, kama zimekaa sawasawa, na ushike springi za katikati: zisicheze. Dai risiti yenye namba ya kipuri.

Klachi za mtumba kutoka Japani zina wapenzi wao, na si wajinga. Gari lililotembea kidogo linaweza kukupa presha pleti bora kuliko mpya isiyo na jina. Ila upime sahani inayokuja nayo. Lainingi mpya hupita vichwa vya ribiti kwa zaidi ya milimita moja, na vitabu vya ukarabati vya Toyota huweka milimita 0.3 kuwa kikomo cha kuitupa. Ikiwa iliyo mkononi mwako imefika katikati, umenunua nusu ya maisha kwa malipo kamili ya ufundi. Ukichukua mtumba, beringi iwe mpya.

Kuna pia kuvalisha sahani ya zamani lainingi mpya. Kwenye malori, ambako sahani ni kubwa na ghali, kazi hii ina maana ikiwa springi na meno ya katikati bado ni mazima. Kwa gari dogo akiba yake ni ndogo mno.

Jambo moja linawasumbua sana wanaoagiza vipuri kutoka Mombasa kwa simu. "Klachi ya Toyota ya 1500" haitoshi kuwa maelezo. Kwenye injini ndogo za Toyota utakuta sahani za milimita 200 na za milimita 212, na presha pleti ya moja haifungi kwenye flaiwili ya nyingine. Meno ya katikati nayo hutofautiana kwa idadi. Mtumie muuzaji namba ya chasisi na ya injini, na kama gia boksi tayari iko chini, pima kipenyo cha sahani ya zamani na uhesabu meno. Kwa mwenye gari Mokowe, kule Lamu, anayesubiri mzigo upande basi safari ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Malindi, kosa la milimita 12 ni siku kadhaa za gari kulala juu ya jeki.

Flaiwili isisahaulike. Ikiwa na madoa ya buluu au nyufa nyembamba za joto, sahani mpya itatetema kila gari linapoondoka. Fundi wa kukereza chuma huisawazisha uso kwa malipo ya wastani. Lakini pikapu na magari mengi ya dizeli ya kisasa yana flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani. Hizo kwa kawaida hazikerezwi, na bei yake yaweza kupita ya klachi yenyewe, kwa hiyo ulizia mapema kabla hujapanga bajeti.

Siku ya kufunga, simama karibu. Mikono inayoshika lainingi isiwe na oili. Sahani ina upande wa flaiwili na upande wa gia boksi, na ikigeuzwa klachi haitafanya kazi ipasavyo. Boliti za presha pleti zikazwe kidogo kidogo kwa mshazari. Grisi kwenye meno ya shafti iwe ya kupakwa kidogo tu, kwani ikizidi hurushwa hadi kwenye lainingi. Vumbi la klachi ya zamani lisipulizwe kwa upepo wa kompresa. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, inayosababisha saratani ya mapafu, na kwa kutazama tu huwezi kujua sahani kuukuu ilitengenezwa kwa nini. Fundi na kijana anayejifunza kazi kwake wanastahili kulindwa.

Nchi yetu ya Malindi ni tambarare, na klachi ingepaswa kudumu kuliko kule kwenye milima. Kinachoziua huku ni mchanga na mizigo. Gari likizama njia za Mambrui, dereva hushikilia nusu klachi na kukanyaga mafuta. Sahani inateleza mfululizo, na joto likivuka kati ya nyuzi 250 na 300 gundi iliyoshika lainingi huanza kuharibika. Dakika chache za hivyo zinaweza kumaliza klachi ya miaka. Punguza upepo wa magurudumu, chimba, tafuta watu wa kusukuma. Na mjini, karibu na soko, ambapo tuktuk na mikokoteni hukufanya usimame kila hatua, weka gia huru kisha utoe mguu kwenye pedali.

Klachi mpya ipewe kilomita 500 za kwanza bila mizigo mizito wala kuvuta gari jingine, ili nyuso zisagane zilingane. Kama yako ni ya waya, rudi kwa fundi baada ya hapo aupime tena mchezo wa pedali, kwa sababu kadiri lainingi inavyokaa mahali pake, ile nafasi ya juu hupungua.