Umeungua chumbani? Dawa ya meno iache mswakini

Mimi ni muuguzi hapa Malindi, kazi yangu kubwa ni kuosha na kufunga vidonda. Kila vyuo vikifunguliwa napokea wanafunzi waliopanga vyumba Barani, Maweni na Muyeye. Chumba kimoja kina kitanda, ndoo, vitabu na mtungi wa gesi wa kilo 6, na kutoka godoro hadi jiko ni hatua mbili. Ajali haikosi pa kupita. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa huku bendeji ikiwa mkononi.

Kuungua ni nini hasa?

Ni ngozi kuharibiwa na joto, umeme au kemikali kali. Mvuke wa sufuria, uji na mafuta ya viazi karai huunguza kama moto wenyewe. Ngozi ikiwa nyekundu tu, umeungua juu juu. Ikitoa malengelenge, joto limeingia ndani zaidi. Ikiwa nyeupe kama nta au nyeusi, na husikii maumivu, hapo pana balaa: haiumi kwa sababu mishipa ya fahamu imeungua pia. Usije ukaniambia "haliumi, si kubwa."

Nimejimwagia chai ya moto. Nianze na nini?

Maji. Maji ya mfereji, ya baridi ya kawaida, yapite juu ya jeraha kwa dakika 20. Tazama saa ya simu, maana ukikisia utaacha dakika ya tatu. Sufuria ya wali ukiiepua, wali huendelea kuiva. Nyama yako nayo ni vivyo hivyo: chai imeshamwagika, lakini joto bado linapika chini ya ngozi. Maji ndiyo yanayolitoa.

Huku maji yakipita, vua pete, saa na bangili kabla mkono haujavimba. Msichana mmoja tulimkata pete ya mama yake kwa koleo, akalia kwa pete kuliko kwa kidole. Nguo iliyolowa maji moto ivue upesi. Iliyogandana na ngozi usiivute. Kata pembeni yake, iliyoganda tutaitoa sisi.

Na kama umechelewa? Ndani ya saa 3 maji bado yanasaidia.

Mfereji umekauka, na maji ya kisima yana chumvi. Je?

Yatumie. Yatawasha kidogo, lakini afadhali kuwashwa kuliko kuendelea kuiva. Tumbukiza mkono ndooni na ubadilishe maji yakipata uvuguvugu, au mimina kwa kata polepole. Barafu usiweke: inaua ngozi ambayo tayari imeumia. Na usikae kwenye maji mwili mzima ukitetemeka; poza palipoungua, kwingine jifunike leso.

Dawa ya meno inatuliza. Mbona mnatukataza?

Kwa sababu mimi ndiye ninayeibandua.

Nikueleze ilivyo. Kijana anaingia ameshika mkono juu kama anaomba kura. Kiganja ni cheupe, dawa imekauka kama chokaa ya ukutani, chumba chote kinanukia mnanaa. Siwezi kujua ameungua kiasi gani mpaka niitoe. Nailowesha, naifuta kidogo kidogo, na kila kipande kinang'oka na ngozi. Analia. Nami namchoma mara ya pili, bila jiko.

Ule ubaridi unaousikia ni mnanaa unaodanganya ulimi na ngozi. Joto liko palepale, na sasa umelifunika lisitoke. Mle ndani mna sabuni na chengachenga za kusugulia meno, vitu vilivyotengenezewa ganda gumu la jino, si nyama mbichi. Kwa hiyo: dawa ya meno, hapana. Ya mitishamba, hapana. Kidogo tu, hapana. Mpaka ufike hospitali, pia hapana.

Bibi anasema maji ndiyo yanayotoa malengelenge, na dawa ni yai.

Shikamoo zangu kwa bibi, lakini hapa tutakosana. Malengelenge yanaletwa na moto. Yangetoka hata usingegusa tone la maji, na ukiwahi kupoza huenda yakapungua. Yai bichi linabeba vijidudu, nawe unavipaka mahali ambapo mlango wa ngozi umeshavunjwa. Unga wa ngano, mafuta ya nazi, mafuta taa, masizi ya sufuria, vyote nimeviosha kwenye vidonda vya watu. Unga ndio mbaya zaidi, unafanya donge.

Basi dawa ya meno juu ya...

Hapana. Maji, dakika 20.

Nipasue malengelenge?

Yaache. Ngozi ile ni bendeji yako ya bure.

Baada ya kupoza nifunike na nini?

Nailoni nyembamba ya kufunikia chakula, ilazwe juu bila kukazwa. Huna? Leso iliyofuliwa ikakauka vizuri. Pamba usiweke, nyuzi zake zinaganda kidondani. Vidole vilivyoungua vitenganishwe, kila kimoja na kitambaa chake. Kwa maumivu meza panadoli kama maelezo ya paketi yanavyosema.

Nitajuaje kama nahitaji hospitali?

Tandaza mkono wako: kiganja pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya mwili. Jeraha linalozidi ukubwa huo, njoo. Uso, mikono, nyayo, viungo kama goti na kiwiko, au sehemu za siri, njoo hata likiwa dogo. Lililozunguka mkono au mguu mzima kama pete, lililo jeupe au jeusi, njoo. Umevuta moshi na sauti imekwaruza, njoo sasa hivi. Umeme, ikiwemo ile koili mnayochemshia maji ndooni, njoo hata kama ngozi inaonyesha alama ndogo tu, kwani umeme hupita ndani na kuathiri moyo. Aliyenaswa usimshike kabla ya kuzima swichi kuu. Tena kidonda cha moto huweza kuingiza pepopunda, kwa hiyo tutakuuliza sindano ya mwisho ulichomwa lini.

Nina mtihani kesho kutwa. Siwezi kungoja kwanza?

Huwezi. Hii ya "kwanza" ndiyo inayonijazia foleni. Siku ya kwanza ni aibu, ya pili ni mtihani, ya tatu kijana analetwa na tuktuk, ana homa, kidonda kinanuka na kimetoa usaha. Jeraha ambalo lingefungwa mara chache likapona, sasa linataka kulazwa. Njoo siku ile ile. Ukiungua usiku, njoo usiku. Mlango wa dharura haufungwi.

Pesa najua ni shida. Jiandikishe SHA, yaani bima ya afya ya serikali, sasa ukiwa mzima, kwa kupiga *147# kwenye simu. Zahanati na vituo vya afya vya serikali hutoa huduma ya msingi bila malipo kwa aliyejiandikisha. Anzia hapo, wakiona jeraha limewazidi watakuandikia barua ya rufaa.

Mafuta ya karai yakishika moto?

Zima gesi, funika karai kwa mfuniko, usiliguse tena mpaka lipoe. Ukimwaga maji, moto utaruka hadi darini. Usilibebe kukimbilia nje. Wengi ninaowaona wameungua miguu hivyo. Nguo ikishika moto usikimbie, lala chini ubiringike. Dada zangu, dera la nailoni na jiko la makaa haviendani. Likunje au vaa leso ya pamba badala yake.

Kidonda kimefunga, lakini ngozi inavuta.

Ngozi mpya hukaza. Paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato mara mbili tatu kwa siku, na uikinge na jua letu hili kwa nguo ya mikono mirefu. Vidole vilivyoungua vikunje na kuvinyoosha kila siku, hata vikiuma kidogo, la sivyo vitaganda vikiwa vimepinda. Wiki mbili zikipita na bado huwezi kufumba ngumi au kushika kalamu, rudi tukupeleke kwa watu wa mazoezi ya viungo.